Kushuka, Kujaa na Kupanda: Vitenzi vya Kiswahili katika Uchunguzi wa Hitilafu za Kabureta na Mafuta kwenye Pikipiki Kuukuu

Ikisiri

Uundaji wa istilahi za kiufundi katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na majina ya vitu kuliko vitenzi vinavyoeleza mwenendo wa vitu hivyo. Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kutambua hitilafu za kabureta na za njia ya mafuta kwenye pikipiki kuukuu. Yanaeleza kwanza namna petroli inavyosafiri kutoka tenkini hadi kwenye silinda, kisha yanaonesha kuwa vitenzi, minyambuliko na viambishi vya njeo na sharti ndivyo vinavyobeba taarifa anayoihitaji fundi ili kufikia chanzo cha tatizo. Aidha, yanabainisha maneno ya gereji yenye utata unaoweza kupotosha uchunguzi. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya ufundi isiyosajili vitenzi pamoja na mazingira yake huwezesha kutaja sehemu za mtambo, lakini haiwezeshi kueleza zimepatwa na nini.

1. Utangulizi

Dereva wa bodaboda anapofika gereji na pikipiki isiyowaka, huwa hana kipimo wala kitabu cha maelekezo. Alicho nacho ni sentensi. Fundi naye, kabla hajashika bisibisi, huanza kazi kwa sentensi hiyo: huiuliza maswali, huipanua, na mara nyingine huikataa. Ikiwa sentensi ni pana mno, fundi hulazimika kufungua kila kitu au kubadilisha kabureta nzima, na gharama ya ubahatishaji huo hutoka katika pato la siku la mwenye chombo.

Suala hili linahusu hasa pikipiki za kabureta. Katika pikipiki mpya zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, sehemu ya uchunguzi hufanywa kwa kusoma misimbo ya hitilafu. Pikipiki ya kabureta haina msimbo. Ina mlio, harufu, rangi ya plagi na maelezo ya mtumiaji. Mfano unaofaa ni Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa na injini ya mipigo minne, silinda moja inayopozwa na hewa, na ujazo wa sentimita za ujazo 124. Muundo wa injini hiyo umeigwa na viwanda vingi, hasa vya China, na pikipiki za jamii hiyo zimeenea sana Afrika Mashariki. Maelezo ya kiufundi yanayofuata yanahusu pikipiki za aina hiyo.

Semi zinazochambuliwa ni za kawaida katika mazungumzo ya gereji. Hazitolewi hapa kama takwimu za matumizi, bali kama vielelezo vya uwezo wa kisarufi uliomo katika lugha.

2. Njia ya mafuta na hatua zake

Pikipiki ya aina hii haina pampu ya mafuta. Tenki liko juu ya kabureta, na petroli hushuka kwa uzito wake kupitia koki, mpira na chujio. Ili petroli iendelee kushuka, hewa sharti iingie tenkini kuchukua nafasi yake, na kazi hiyo hufanywa na tundu dogo lililo katika kifuniko cha tenki. Hii ndiyo hatua ya kwanza.

Hatua ya pili hufanyika katika bakuli la kabureta. Petroli inapoingia, boya huinuka na kuisukuma sindano inayofunga tundu la kuingilia. Kiwango kikishuka, boya hushuka nalo na tundu hufunguka tena. Kwa njia hiyo kiwango cha petroli bakulini hubaki karibu palepale, injini iwe inakwenda polepole au kwa kasi.

Hatua ya tatu ni ya kupanda. Pistoni inapovuta, hewa hupita katika koo la kabureta, mahali palipofinywa makusudi. Hapo kasi ya hewa huongezeka na kanieneo yake hupungua, jambo linalohusishwa na mwanafizikia Mwitalia Giovanni Battista Venturi (1746–1822). Kwa kuwa petroli iliyomo bakulini bado inakandamizwa na kanieneo ya hewa ya nje, husukumwa kupanda kupitia jeti na kunyunyizwa katika mkondo wa hewa. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, zinahitajika takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito.

Kabureta haitumii tundu moja kwa hali zote. Kaba, yaani kizibo telezi kinachoinuliwa na waya wa mpini wa kulia, ikiwa imefungwa au imefunguliwa chini ya sehemu moja ya nane, mafuta hutoka zaidi kwenye jeti ndogo. Kati ya robo na robo tatu, kiasi cha mafuta hutawaliwa na sindano ndefu inayoning'inia kwenye kaba. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa ndiyo inayoamua. Mgawanyo huu ni muhimu kwa mjadala wa sehemu ya nne, kwa sababu kila sharti la kisarufi analolitaja mtumiaji hulingana na moja ya sehemu hizi.

3. Vitenzi vya mwendo na vitenzi vya kuziba

Malalamiko yanayosikika mara nyingi kuhusu mafuta ni haya:

(1) Mafuta hayafiki.

Kisemantiki, kitenzi -fika huangalia mwisho wa safari tu. Hakisemi safari ilianzia wapi, ilipita wapi, wala ilikatikia wapi. Sentensi (1) ni kweli tenki likiwa tupu, koki ikiwa imefungwa, chujio likiwa limejaa taka, sindano ya boya ikiwa imenata, au jeti ikiwa imeziba. Kwa hiyo ni sentensi sahihi lakini isiyomsaidia fundi. Kiswahili, hata hivyo, kina vitenzi vinavyoigawa safari hiyo:

(2) a. Mafuta hayashuki.
b. Bakuli halijai.
c. Mafuta hayapandi.

Vitenzi -shuka na -panda hubeba mwelekeo ndani ya maana yao ya msingi. -Jaa hubeba wazo la chombo na kikomo. Kila kimoja, kikikanushwa, huelekeza kwenye hatua moja na jaribio moja. Sentensi (2a) huthibitishwa kwa kuuchomoa mpira kwenye kabureta na kufungua koki juu ya chombo safi, mbali na moto. Petroli isipotoka, tatizo liko juu ya kabureta. Ikianza vizuri kisha ikapungua hadi matone, hushukiwa tundu la kifuniko. Sentensi (2b) hujaribiwa kwa kulegeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli: ikiwa mpira unatoa mafuta vizuri lakini bakulini hayamo, sindano ya boya imenata au boya limewekwa chini mno. Sentensi (2c) hufikiwa ikiwa bakuli limejaa na injini imepigwa kiki mara kadhaa, lakini plagi ikitolewa hukutwa kavu. Hapo jeti ndizo za kuangaliwa kwanza.

Upande wa wingi wa mafuta una mgawanyo wake:

(3) a. Kabureta inavuja.
b. Kabureta inamwaga.
c. Plagi imelowa.

Kuvuja ni kupenya mahali pasipostahili: gasketi iliyochakaa, mpira uliopasuka au skrubu iliyolegea. Kumwaga, katika matumizi ya gereji, ni kutoa kwa wingi kupitia bomba la ziada lililowekwa kwa ajili hiyo. Kabureta inayomwaga haina ufa. Imeshindwa kujizuia, kwa kuwa sindano haifungi au boya limetoboka na kuzama. Sentensi (3c) ni ya matokeo. Plagi iliyolowa inathibitisha kuwa mafuta yamefika, na kwa hiyo inaipinga sentensi (1). Fundi anayeikuta hubadilisha swali, akauliza ikiwa mafuta yamezidi au cheche haipo.

Mnyambuliko wa vitenzi nao hubeba taarifa ya chanzo. Linganisha:

(4) a. Jeti imeziba.
b. Tundu la kifuniko limezibwa.
c. Jeti imezibuliwa.
d. Jeti imetobolewa.

Katika (4a) hakuna mtendaji. Hali hiyo huja yenyewe: petroli ikikaa miezi kadhaa bakulini, sehemu nyepesi huvukiza na kuacha utando unaonata, ambao hufunga kwanza jeti ndogo kwa sababu tundu lake ni finyu zaidi. Katika (4b) kauli ya kutendwa inaashiria kuwapo kwa mkono wa mtu, kwa mfano aliyefunika tenki kwa nailoni ili mvua isiingie. Suluhisho la (4a) ni kusafisha, ilhali la (4b) ni kuondoa kilichowekwa.

Jozi ya (4c) na (4d) ina uzito mkubwa zaidi. Kiambishi cha utenguzi katika -zibua hurejesha hali ya awali: tundu hurudi kuwa kama lilivyotengenezwa. Kitenzi -toboa huunda tundu, au hulipanua lililokuwapo. Tundu la jeti limechongwa kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, na waya mgumu unaopitishwa humo unaweza kulipanua kiasi cha kuharibu kipimo. Pikipiki iliyotobolewa jeti huwaka, na mwenye chombo huondoka ameridhika, lakini kuanzia siku hiyo hula mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Mwalimu wa ufundi anayesisitiza kuzibua kwa kimiminika cha kusafishia na hewa ya pampu, badala ya kutoboa, anafundisha kwa wakati mmoja tofauti ya kisemantiki na tofauti ya kazi.

4. Njeo na sharti kama vyombo vya uchunguzi

Tatizo la kabureta aghalabu halitokei wakati wote. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzoefu ni "lini?" Kiswahili kina viambishi vinavyolijibu kwa ufupi:

(5) a. Pikipiki imezima.
b. Pikipiki huzima.
c. Pikipiki huzima ikipata joto.
d. Pikipiki huzima kaba inaporudishwa.
e. Pikipiki haizimi, ila hukosa nguvu kaba ikifunguliwa yote.

Sentensi (5a) inaeleza tukio moja ambalo matokeo yake yapo sasa. Huenda mafuta yamekwisha tu. Kiambishi hu- katika (5b) kinalifanya tukio kuwa tabia, na tabia ndiyo inayoweza kuchunguzwa. Katika mazungumzo ya maeneo mengi ya bara nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na kiambishi tamati, kama katika inazimaga. Umbo hilo halikubaliki katika maandishi sanifu, lakini linahifadhi tofauti ileile ya kimaana. Mkufunzi anayelisahihisha na kuandika inazima huwa ameondoa habari ya mazoea bila kukusudia. Sahihisho linalofaa ni huzima.

Sentensi (5c) hadi (5e) zinaongeza mazingira. (5d) huelekeza kwenye jeti ndogo na skrubu ya hewa, kwa kuwa ndizo zinazotawala kaba ikiwa imefungwa. (5e) huelekeza kwenye jeti kubwa, au kwenye mkondo hafifu wa kutoka tenkini: bakuli linatosheleza mwendo wa polepole, lakini halijai haraka kiasi cha kukidhi mwendo wa kasi. Sentensi (5c) haijitoshelezi, kama inavyoonekana katika jozi hii:

(6) a. Huzima baada ya dakika kadhaa, kifuniko cha tenki kikifunguliwa huwaka.
b. Huzima baada ya dakika kadhaa, ikipoa huwaka.

Kwa mtumiaji, hali hizi mbili ni tatizo moja: pikipiki huzima njiani na baada ya muda huwaka. Tofauti imo katika kishazi chenye -ki-. Katika (6a) kilichobadilika ni hewa ya tenkini, kwa hiyo tundu la kifuniko limeziba. Katika (6b) kilichobadilika ni joto, na hapo koili ya umeme hushukiwa, kwa maana huweza kushindwa kutoa cheche ikiwa na joto na kurudia hali yake ikipoa. Mtumiaji aliyesubiri nusu saa bila kugusa kifuniko hawezi kuzitofautisha, kwa sababu muda huohuo unaipoza koili na pia unaipa hewa nafasi ya kupenya tenkini taratibu. Fundi humwelekeza afungue kifuniko mara tu chombo kinapozima. Yaani, humtaka atenganishe sharti moja na jingine.

Tofauti kati ya -ki- na -po- nayo inafaa kuzingatiwa. "Inapopanda mlima hukosa nguvu" huchukulia kupanda mlima kuwa jambo linalotokea, ni masimulizi. "Ikivutwa choki hutulia" huliacha jambo wazi na kulifanya kuwa jaribio linaloweza kurudiwa. Jaribio hilo la choki ni miongoni mwa yale yenye manufaa zaidi: choki hupunguza hewa, hivyo injini yenye joto inayotulia choki inapovutwa na kuzima inaporudishwa ilikuwa ikipata mafuta machache au hewa nyingi mno.

5. Maneno yenye utata

Baadhi ya maneno ya gereji hubeba maana zaidi ya moja ndani ya uwanja uleule, na hapo ndipo upotoshaji hutokea.

Moto. "Haina moto" huweza kumaanisha plagi haitoi cheche. "Imepata moto" humaanisha imepata joto. "Ongeza moto" humaanisha fungua kaba. Maana hizi zinagusa mifumo mitatu tofauti: umeme, upozaji na mafuta. Matumizi ya cheche, joto na kaba huondoa utata huo bila kuhitaji neno jipya.

Choki. "Funga choki" huweza kueleweka kuwa funga kilango cha hewa, yaani tumia choki, au acha kutumia choki. Matendo haya yanapingana. Jozi ya kuvuta na kurudisha choki, inayofuata mwendo wa mkono, ni salama zaidi.

Sindano. Kabureta ina sindano mbili: ya boya, inayozuia mafuta kuingia bakulini, na ya kaba, inayopima mafuta yanayopanda. Sindano "iliyolika" bila kutaja ni ipi huweza kumaanisha kabureta inayomwaga au kabureta inayokula mafuta katikati ya mwendo.

Sailensi na kumisi. Katika gereji za Tanzania, sailensi ni mzunguko wa injini isiyovutwa kaba, maana iliyohama mbali na neno la Kiingereza lililokopwa. Ni mfano wa neno la mkopo lililopata maana mahususi na yenye manufaa. Kumisi, kwa upande mwingine, hueleza tu kuwa mwako umeruka zamu, uwe umekosa cheche au mafuta. Halifai kutumika kama jina la chanzo.

Mkohoo wa injini unastahili maelezo ya ziada. Sitiari ya mwili imeenea katika uwanja huu: injini hunywa au hula mafuta, hukohoa, huhema na hukabwa. Sitiari hizo si mapambo tu. "Kukohoa" hutumika ipasavyo kwa mlipuko mdogo unaorudi kupitia koo la kabureta, dalili ya kawaida ya upungufu wa mafuta, na hivyo hutofautiana na mshindo unaotokea kwenye bomba la moshi. Sitiari ikifungwa kwa mahali maalumu, hupata usahihi wa istilahi.

Suala gumu zaidi ni la vivumishi vya mchanganyiko. Kiingereza hutumia sitiari ya utajiri na ukondefu, ambayo ikihamishwa neno kwa neno haimpi msikilizaji wa Kiswahili picha yoyote. Uzito nao una kikwazo, kwa kuwa "mafuta mazito" tayari ni aina ya mafuta yenyewe. Gereji husema "mafuta mengi" na "mafuta machache", na semi hizi zinatosha iwapo itaeleweka kuwa wingi hupimwa kwa kulinganishwa na hewa. Mfano wa mwinuko hulidhihirisha jambo hili. Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Nairobi, mahali palipo takriban mita 1,800 juu ya usawa huo, hukutana na kanieneo ya hewa iliyo karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. Jeti haijabadilika, lakini mchanganyiko umekuwa wa mafuta mengi, na ncha ya plagi iliyokuwa na rangi ya kahawia huanza kuwa nyeusi. Kilichopungua ni hewa. "Mafuta yamezidi hewa" ni kauli iliyo sahihi zaidi kuliko "mafuta yameongezeka", na kinyume chake, "hewa imezidi mafuta", hueleza vizuri pia maungio ya kabureta na injini yanapovuta hewa ya pembeni. Hitilafu hiyo hutambuliwa sailensi inapopanda bila sababu, na mlio unapobadilika maungio hayo yakinyunyiziwa maji kidogo.

6. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unaonesha kuwa Kiswahili cha gereji tayari kina mfumo wa kueleza hitilafu za kabureta, na kwamba mfumo huo umejengwa zaidi katika kitenzi kuliko katika nomino. Orodha inayotoa visawe vya kabureta, boya, jeti na koki pekee humwachia mwanafunzi wa ufundi kazi ya kujitafutia vitenzi, na huenda akaishia kwenye sentensi (1). Inapendekezwa kwamba kamusi za ufundi zisajili vitenzi vya uchunguzi pamoja na mahali, dalili, jaribio na tofauti yake na vitenzi jirani. Kidahizo kinaweza kuwa na sura hii:

shuka kt. (kuhusu mafuta) toka tenkini hadi mlango wa bakuli la kabureta kwa nguvu ya uzito. Dalili: mafuta hayashuki. Jaribio: chomoa mpira kwenye kabureta, fungua koki, tazama mkondo. Linganisha: jaa, panda. Tofautisha na: fika.

Vidahizo vya namna hii havihitaji uundaji wa maneno mapya. Vinahitaji wanaleksikografia na walimu wa ufundi kuyasajili matumizi yaliyopo, kuchagua umbo lisilo na utata pale yanapogongana, na kuyaingiza katika vitabu vya mafunzo. Uchunguzi wa namna hiyohiyo unaweza kufanywa kuhusu mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji na injini za boti, mitambo ambayo watumiaji wake hutegemea maelezo ya mdomo kabla ya kupata vipuri.